Jina Nililoita Mara Tatu

Dada yangu,

Mama hajambo, ila mguu unamsumbua. Bati la jikoni limezibwa.

Kuhusu kaka, nimeharibu. Miezi saba tangu achukuliwe na askari, hajafikishwa mahakamani. Mimi karani wa mahakama nikamfungulia jalada la uzururaji kwa siri, nikidhani sheria itawalazimisha kumleta. Siku ya kesi nilimwita mlangoni mara tatu. Hakuna aliyeitika. Hakimu akaandika kwamba amekaidi, akaagiza akamatwe. Tangu hapo, nikiita jina la mtu yeyote, nasikia lake.

Jana askari walileta hati ya kumkamata nyumbani, walewale waliomchukua. Wakamuuliza Mama kaka yuko wapi. Mama akawavutia viti.

"Kaeni, wanangu," akasema. "Tumsubiri sote."

Wakakaa.

Mdogo wako