Baba Mkwe, Choo Chako Ningekipima

Baba,

Mhola? Sijui kama wafu husalimiwa hivyo, lakini nisipoanza na salamu utasema binti wa Kipimbwe hana adabu. Nimeshakusalimu. Sasa nakwambia wazi: nimekukasirikia. Ni miezi minane tangu tukuzike hapa Litapunga, na kila nikifungua mdomo naambiwa marehemu hasemwi. Mimi nitakusema. Ulikuwa baba mkwe wangu, na katika nyumba hii wewe ndiye pekee niliyeweza kubishana naye tukabaki tunapendana.

Jana ukoo ulinikalisha kikao. Nitafika huko. Kwanza nataka kusema habari za zile siku zako tano za mwisho, maana tangu ufe hakuna anayetaka zitajwe.

Ulianza kuharisha damu Jumatano. Hukumwambia mtu. Ulituma watoto mtaa wa Majengo wakakuletea rangi mbili, zile kapsuli za dukani zinazouzwa moja moja kama pipi, ukameza mbili asubuhi na mbili jioni. Ulipoona nafuu, zilizobaki ukazifunga kwenye kitambaa. Ulikuwa na msemo wako: "Dawa haimalizwi. Kesho ukiumwa utameza nini?" Ijumaa damu ikarudi na nguvu mpya. Mwanao, mume wangu, akaja mjini kuniita kazini hospitali, nikapanda baiskeli na kikopo changu cha maabara mfukoni.

Nilipiga magoti nje ya mlango wako. Nikasema, Baba, naomba choo chako kidogo nikakipime. Ulinijibu kwa upole wako uleule: "Mwanangu, niombe ng'ombe, nitakupa. Choo changu hakishikwi na mkwe."

Nami nikasema, sawa Baba.

Sawa Baba. Mtu mzima, nimesomea Dar es Salaam vimelea vya tumboni mpaka nikapewa shahada, nikanyanyuka na kikopo kitupu nikarudi mjini. Jumamosi wakakuleta hospitali, wakakupa dawa ile tunayoanza nayo kwa kila anayeharisha damu. Daktari hakuwa na kipimo mkononi, angefanya nini? Jumapili mchana ukatutoka. Wewe ulikataa kwa heshima na mimi nikakubali kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo tuliyoizika pamoja nawe. Hasira yangu nusu ni yako, nusu yangu mwenyewe.

Na usiniambie kwamba hukuielewa kazi yangu. Unakumbuka ulipokuja maabara mara ya kwanza? Ulivua kofia mlangoni kama mtu anayeingia msibani. Nilikuonyesha zile sahani ninazooteshea vimelea, ukaziinamia, ukauliza, "Hawa wanakula nini?" Nikakwambia ni kama uji mzito, na wengine nawawekea damu ya kondoo. Wiki iliyofuata ukanifikishia kondoo mpaka geti la hospitali, unamvuta kwa kamba, walinzi wanacheka. Mnadani ukawatangazia watu: "Mimi nafuga ng'ombe, mkwe wangu anafuga wadudu. Kila mtu na mifugo yake." Nilijidai mwezi mzima.

Siku nyingine nilikueleza kwa nini dawa ya nusu nusu ni mbaya. Nikasema ukimeza kidogo ukaacha, vinakufa vile vimelea dhaifu, na vile vinavyoihimili dawa vinabaki peke yao na kuzaana. Ulichora chini kwa fimbo. Halafu ukasema, "Kwa hiyo umechinja ndama wapole, ukabaki na madume makorofi, na zizi lote ni lao." Baba, wapo wanafunzi niliosoma nao waliochukua muhula mzima kuelewa hilo. Wewe ulielewa kabla chai haijapoa. Na bado kapsuli ukazifunga kwenye kitambaa.

Miezi mitatu baada ya mazishi akaugua mdogo wako, baba mdogo Masanja. Damu ileile, maumivu yaleyale. Nikaja tena na kikopo. Naye akaanza tena wimbo wa mkwe na choo, tena yeye kwa ukali, akaniambia nitoke uani kwake. Safari hii sikusema sawa. Nilikaa chini palepale mlangoni nikamwambia sitoki, ama anipe choo ama anirushe nje, na nguvu za kunirusha hana. Watoto walikusanyika kuniangalia. Sikutoka.

Ndipo Mama akainuka pale uani. Mke wako, ambaye toka ufe alikuwa anaongea na kuku tu. Akaninyang'anya kikopo, akasema, "Mkwe ni huyu. Mimi ni mkwe wa nani hapa? Huyu shemeji yangu nimempikia tangu hajaota ndevu." Akaingia ndani. Tukasikia wanafokeana. Akatoka na kikopo amekifunika kwa khanga, akanipa.

Rahisi hivyo. Siku ile yako Mama alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumwomba. Nimeshindwa kulala kwa ajili ya hizo hatua kumi.

Umeme wa Mpanda unaujua. Nilioteshea choo cha Masanja kwenye sanduku la mbao lenye kandili ndani, nikilichungulia kama mama wa mtoto njiti, huku wao nyumbani wakimnywesha maji ya chumvi na sukari. Vilipoota nikavipanda upya, na juu yake nikaweka vile vikaratasi vidogo vilivyoloweshwa dawa. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kukizunguka kikaratasi. Kwenye kikaratasi cha rangi mbili vimelea vilikuwa vimeota mpaka ukingoni. Kwenye kile cha dawa ya kwanza ya hospitali, vivyo hivyo. Kikaratasi cha tatu kilikuwa na duara pana, safi, halina kitu.

Nililia, Baba. Dawa hiyo ya tatu ilikuwemo kwenye kabati la hospitali siku uliyokufa. Huenda vimelea vyako vilikuwa vingine. Sitajua kamwe, na urithi huo wa kutojua umeniachia wewe.

Masanja tulimpa hiyo ya tatu, akapona ndani ya wiki. Unadhani alinishukuru? Mnadani watu walianza kumtania kwamba choo chake kimesomwa na mkwe mpaka mwisho, kama gazeti. Utani huo aliuvumilia miezi kadhaa, halafu akaitisha kikao. Jana mchana wazee wakakaa, mimi nikawekwa kwenye mkeka katikati. Shtaka: mkwe amegusa asichopaswa kugusa. Hukumu: nitoe mbuzi, niombe radhi, niache kazi hii au nirudi kwetu. Mwanao aliangalia vidole vyake. Nampenda, lakini nitamkumbusha vidole hivyo mpaka tuzeeke.

Nilisimama. Nikawaambia: "Mbuzi sitoi, sijakosa. Kazi siachi. Na kwetu sirudi, kwetu ni hapa, nimemzika baba yangu hapa." Masanja akasema mtoto wa watu nimepewa kichwa na vitabu. Nikamjibu kwamba kama si hivyo vitabu, leo tungekuwa tunakula matanga yake. 

Mama akasema kutoka jikoni, bila hata kutoka nje: "Aliyebeba ni mimi. Nyie nitozeni mimi." Hakuna aliyethubutu. Kikao kikaisha bila mtu kutamka kwamba kimeisha. Wazee wawili waliondoka bila kuniaga.

Profesa wangu naye ameniandikia nirudi Dar, eti huku nitaozea. Sirudi. Nimeanza kupima hata watu wazima wa afya, maana nimegundua vimelea visivyosikia dawa vimekaa kimya matumboni mwao, vinasubiri. Nimevikuta Katumba, nimevikuta Majengo, nimevikuta kwa ndama wako. Jumatatu naanza nyumba za hapa Litapunga, mlango kwa mlango. Mama tutakuwa naye. Ameshashona mfuko wa vikopo na anawasema wanawake wenzake wanaoona aibu. Kila ripoti nitakayoandika nitaweka jina lake kama msaidizi, wapende wasipende.

Basi, Baba, lala. Nimekusema, na moyo umepungua uzito kidogo, siyo wote. Sikuombi radhi na wewe usiniombe. Ila nakupa ahadi moja. Mjukuu wako Maduhu, mwanangu, bado anajikojolea kitandani, lakini siku moja ataoa. Siku hiyo ikifika, na mimi nikiugua tumbo, sitajifungia ndani. Nitamwita mke wake, na choo changu nitamkabidhi kwa mikono yangu miwili.

Mkweo,
anayekulilia na asiyekuogopa tena.