Zoo imekubali kumupokea Bijou

Likasi, Jumatatu

Zoo imekubali kumupokea Bijou! Sokwe wangu, miye mwenyewe nilimununua kwa muwindaji akiwa mudogo, nikamubeba mugongoni na kitenge. Mutaa wetu wote wa Shituru hakuna mutoto aliyekula bukari, ugali wetu, vizuri kama yeye.

Binti yangu Aline, muganga wa wanyama, hakufurahi. «Mama, ni kizimba. Atakaa mule mupaka afe.»

«Basi tumurudishe pori!»

«Nani atamupikia kule, Mama?»

Nilimufundisha kunywa na kikombe, hata kukunja nguo. Kutafuta chakula porini, sikumufundisha. Na nyumbani haiwezekani tena, Bijou iko na nguvu sana, jana alimuuma Aline mukono.

Nilimupenda, na nilimuharibu.

Nimewaambia majirani ni sherehe. Wote watakuja kumuaga Jumamosi.