Gitaa la Besi Nililolipasha Moto

Jumatatu, 10 Juni 1974
Mtama wa shamba la pamoja hadi saa nane. Kisha mazoezi ghalani. Wiki ya tatu sasa nashika besi, tangu Musa aende kazi ya reli Itigi. Ndugu Yohana, seremala aliyelichonga gitaa hili na ndiye kiongozi wa bendi ya kijiji, amenipa hadi Saba Saba. Nikishindwa, narudi kuimba na wasichana wenzangu. Sitaki. Nataka besi.

Jumatano, 12 Juni
Ndugu Yohana amenikemea tena. Napiga sauti nyingi mno, nagombana na gitaa la solo. Kweli. Nimejifunza kwa rumba za Kongo kwenye redio ya mjomba, na kiredio kile kinatoa sauti nyembamba tu. Besi haisikiki kabisa. Kumbe muda wote nimekuwa nikiiga gitaa lisilo langu. Vidole vina malengelenge. Nimejiudhi.

Jumamosi, 15 Juni
Kwa jirani wasichana wamechezwa ngoma. Mama ndiye aliyeongoza muheme, ile ngoma ambayo sisi wanawake wa Kigogo tunaibana magotini. Nimeipiga tangu utotoni bila kuisikiliza. Leo nimeisikiliza. Mama anapiga chache, anaacha nafasi, wenzake wanaijaza. Jioni nikafanya hivyo hivyo kwenye besi. Ndugu Yohana hakunisimamisha hata mara moja. Nimefurahi hadi nimesahau kula.

Alhamisi, 20 Juni
Mimi mjinga.

Asubuhi baridi kali, besi inalia kama imelegea. Muheme ikilegea huwa tunaipasha moto, ngozi ikaze. Basi nikawasha mabua ya mtama, nikaliegemeza gitaa karibu. Gundi ikalainika. Kibao kinachoshika nyuzi kikang'oka, kikaruka na nyuzi zake zote. Nililia. Kisha nikalibeba hadi kwa Ndugu Yohana. Alilipokea, akaliweka mezani. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 21 Juni
Mkutano. Gitaa ni mali ya kijiji, kila mtu amelitolea jasho. Ningeweza kusingizia baridi. Nimesema nilivyofanya. Watu wamecheka, hata wanawake. Mzee mmoja akataka nirudishwe kwenye ngoma za mama yangu. Mwenyekiti akamgeukia Ndugu Yohana. Naye akasimama, akaeleza kuwa gundi yake ni ya ngozi ya ng'ombe, inaogopa moto, na yeye hakuniambia. Kisha akanitazama.

"Utalitengeneza mwenyewe. Kabla ya hapo hulipigi."

Nimekubali palepale.

Alhamisi, 27 Juni
Karakana kila siku baada ya shamba. Nakwangua gundi kuukuu, nachemsha mpya, nabana, nasubiri. Nanuka ngozi iliyochemka. Mama amenihamishia mkeka wangu karibu na mlango. Jioni kwenye mazoezi napiga sehemu ya besi kwa muheme ya mama. Wapigaji wenzangu walinuna siku mbili, wakazoea. Siachi.

Jumamosi, 6 Julai
Nyuzi zimekaa. Linalia.

Saa tisa Musa ameshuka kutoka Itigi kwa ajili ya sikukuu. Ameingia ghalani, amelichukua gitaa kama mtu anayechukua koti lake, akaanza kulivaa. Hakuna aliyemzuia. Nimeogopa. Lakini sikurudi nyuma. Nikasimama mbele yake, mkono nimeunyoosha. Ndugu Yohana alikuwa akikaza nyuzi za solo, hakuinua hata kichwa aliposema:

"Musa, karibu nyumbani. Besi ina mwenyewe."

Musa alicheka kidogo. Akalivua polepole. Kisha akanipa.

Jumatatu, 8 Julai
Jana tulipiga hadi jua likazama. Nilikosea mara mbili. Sidhani kama kuna aliyejua, ila Ndugu Yohana.

Leo tumepura mtama. Mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa akiimba huku amefumba mdomo, fimbo yake ikipanda na kushuka. Nikadhani ni wimbo wa jana. Nikasikiliza vizuri. Haukuwa wimbo. Ilikuwa ile sauti ya chini, yangu. Nikaendelea kupura.