Bunduki Ndogo za Plastiki

Siku ya kwanza ya juma, 5/3/2001. Butembo.

Tumeamuka wote. Mama mukwe ameamuka, anakohoa kidogo. Masika ameamuka, mutoto wake wa titi ameamuka. Kambale ameamuka, amekula viazi ya jana. Kahindo ameenda masomo. Baba ya batoto wangu iko Vuhovi ku shamba, juzi walisema iko muzima. Hesabu iko sawa. Kila asubui nahesabu batu mbele ya kuwasha moto. Vita inafundisha hesabu.

Kazi. Patron amefungua carton mupya mu depot. Safari hii hakuna tochi, hakuna kadenasi za mulango. Ni robot. Mutu wa plastiki, ukimukunja anakuwa camion. Akaniwekea moja ku meza.

«Mama Masika, pima.»

Miaka tatu sasa kazi yangu njo hii. Vitu yenye kutoka Dubai, mimi navipima mbele havijafika soko. Sikusoma sana, niliachia mwaka wa ine. Mais mikono yangu inajua kitu ya kuvunjika.

Anataka kujua tatu: namna imetengenezwa, rangi, na viungo.

Namna imetengenezwa: camion nyekundu, matairi sita. Unavuta mbele, kifua kinatoka. Unageuza nyuma, inakuwa miguu mbili. Kichwa kinajificha chini ya cabine, unakisukuma na kidole. Mara ya kwanza nilishindwa. Mara ya tano nilipata. Ikiwa mutu, inasimama yenyewe, haiegemee kitu. Mukono wa kuume iko na bunduki nyeusi, urefu wa kidole changu. Ukiikunja tena, bunduki inaingia chini ya camion.

Sikupenda kuiona. Hiyo sikuandika ku karatasi ya patron.

Siku ya pili, 6/3

Rangi. Nilipima na mafuta ya mawese. Batoto ya huku banakula sombe, majani ya muhogo, na mikono, kisha banashika kila kitu. Nikapakaa, nikangoja, nikapangusa na kitambaa. Nyekundu ilibaki. Ya fedha ku kifua ilitoka kidogo. Macho ilipakwa haraka, moja imeshuka mupaka ku shavu.

Viungo. Asubui baridi ya hapa inakaza magoti. Nikaiweka ku jua, ikalegea muzuri, donc Beni kwenye joto haitasumbua. Kichwa kinageuka kushoto na kuume. Kiuno hakigeuke. Vidole havifunguke. Mikono inapanda juu, inabaki juu. Kuishusha inaomba nguvu.

Niliikunja na kuikunjua mara makumi tano. Hakuna kitu ilivunjika. Nikaandika: nzuri, iende soko.

Patron alifurahi. Carton mbili zitaenda Beni siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu. Kambale njo atapeleka, peke yake. Zikiuzika, patron atamupa meza ku soko ya Beni, ikuwe yake ya kusimamia. Kambale iko na miaka makumi mbili. Alisikia hiyo maneno, akatoka inje acheke huko, tusimuone.

Mimi nilisema wasingya, asante. Jioni nilihesabu batu mara mbili.

Siku ya tatu, 7/3

Mvua tangu asubui. Nimepima robot ingine kumi. Zote sawa.

Ku robinet ya maji mama moja anaeleza: kijana wa mutaa yao walimushusha mu camion ku barrière ya basoda, ba-askari wenye kufunga njia, juu ya kaputula ya rangi ya basoda. Walisema ni Mai-Mai, bapiganaji ya pori. Kaputula ya mutumba, mama yake alimununulia yeye mwenyewe. Ule mama yake aliacha kuvaa viatu, anasema atavaa siku mutoto atarudi.

Nikabeba maji yangu.

Kambale iko na urefu ya soldat. Kambale atapita ku barrière na bunduki makumi tisa na sita mu carton. Ya plastiki, ndiyo. Soldat mwenye alikunywa atajua plastiki?

Siku ya ine, 8/3

Nimefanya.

Patron alikuwa ku bureau ya douane kulipa ushuru. Nilifunga mulango ya depot. Nikafungua kila kiboksi pole, nikatosha bunduki ku mukono wa robot, nikafunga tena na gundi kidogo. Muchana muzima. Kidole kubwa inauma. Zote ziko mu kopo ya maziwa ya unga, chini ya mupunga nyumbani. Hakuna mutu anajua. Hata Kambale. Nilisema, asipojua hataogopa, na mutu mwenye haogope anapita.

Robot zinabaki na tundu ku mukono. Tundu haiue mutu.

Sikusikia furaha, sikusikia haya. Nilipika sombe.

Siku ya posho, 10/3

Kambale ameenda. Camion ya makala ya kupikia, yeye juu na carton zake mbili. Nilimupa mandazi na rozari. Rozari aliivaa chini ya shati, mandazi alianza kula mbele camion haijawaka.

«Mama, usisimame hapo sawa unazika mutu.»

«Nasimama sawa niko nasimama.»

«Nikiwa patron utakuya kupima vitu yangu. Nitakufukuza kazi siku ya kwanza.»

Masika alicheka. Mimi pia, na mudomo.

Wakafika kona. Nikahesabu wenye wanabaki.

Siku ya Mungu, 11/3

Misa. Padri alisema tuombee bale bako mu njia. Nilisema Amina mbele ya wengine, mapema sana, batu walinigeukia.

Hakuna habari. Camion yenye kutoka Beni leo ilikuwa na chauffeur mwenye simujue. Alisema njia ni muzuri. Wote wanasemaka njia ni muzuri.

Siku ya kwanza, 12/3

Patron aliniita bureau. Hapana kelele. Ingekuwa bora apige kelele.

Walizungumuza na Beni ku phonie, ile redio ya kuita. Kambale alifika jana, hapana siku ya posho. Na robot zake zinakataa kuwa camion. Ukiikunja, miguu inafunguka tena. Batoto wanarudisha.

Akaweka robot ku meza, ile ya kwanza, yenye nilipima mara makumi tano, bado iko na bunduki yake. Akaikunja pole. Bunduki ikaingia chini, katikati ya miguu mbili, ikapiga kac. Akaitosha. Miguu ikafunguka.

Njo kufuli yake. Ile bunduki njo inashikamanisha camion.

Mimi mwenye napimaka kila kitu. Niliiona inaingia chini, nikaandika inaingia chini. Kisha nikatosha makumi tisa na sita bila kukunja hata moja.

«Mama Masika, nani alitosha?»

Nikasema ni mimi. Akauliza juu ya nini. Nikasema barrière. Akaangalia dirisha. Iko na vijana yeye pia. Kisha akasema bunduki zifike Beni mu juma hii, ao carton zitarudi na meza ya Kambale itapewa mutu mwingine.

Nikauliza, juu ya nini Kambale alifika jana? Camion ya siku ya posho inafika siku ya posho.

Hakujua. Ku phonie walisema tu, amefika.

Akasema atume bunduki na chauffeur. Nikasema hapana. Nitapeleka mimi.

Siku ya pili, 13/3. Njiani.

Naandika ku kituo chenye chauffeur ananunua chai.

Ku barrière ya pili walitushusha wote. Soldat moja alifungua kikapo yangu, akatosha mupunga, akapata kopo. «Mama, nini oyo?» Ni Lingala, anauliza hii ni nini. Akafungua. Akaangalia. Akacheka, akaita mwenzake.

«Kuya uone, silaha imefika.»

Mwenzake akakuya pole na mukate ku mukono.

«Ah. Ni ya ule kijana wa jeshi bila bunduki.»

Wakacheka wote mbili. Ule wa mukate akanieleza muzuri, sawa anaeleza jirani. Kijana alipita siku ya posho na carton ya basoda nyekundu. Kila moja na tundu ku mukono, bunduki hakuna. Wakamuuliza, bunduki iko wapi? Akasema hajue. Umezitangulizia nani? Hajue. Mutu anabeba jeshi muzima, hajue silaha iko wapi. Wakamulaza hapo usiku, akumbuke.

«Ni mutoto wako?»

Nikasema ndiyo.

«Basi mufundishe kujibu, mama.»

Akachukua bunduki moja, akaiweka nyuma ya sikio sawa kalamu ya mwalimu. Akanirudishia kopo. Pita.

Nikapita. Hakuna mutu aliniuliza juu ya nini nabeba bunduki.

Siku ya tatu, 14/3. Beni, Bungulu.

Joto. Niko kwa mudogo wangu Kavira, kwenye Kambale analala. Kavira alinikumbatia, akaniambia mbele sijaingia: «Yaya, dada yangu, usilie mbele yake, hapendi.»

Sikulia. Haikukuya.

Kambale aliamuka, akanisalimia na mukono wa kushoto. Ule wa kuume alificha nyuma. Nikasema leta. Akaleta.

Nikapima. Kidole kubwa kinapinda. Cha pili kinapinda nusu. Cha tatu na cha ine havipinde, vimevimba, rangi ya bilingani. Cha mwisho muzima. Kiganja kinafunguka. Kufunga, hakifunge. Walipiga na kitako ya bunduki, ku jiwe. Muganga wa centre ya afya alifunga na kitambaa, akamupa kinini za maumivu, akasema atapona. Hakuvuta mifupa. Nilishika pole, nikasikia mufupa umepanda juu ya mwenzake.

Kisha nikamuambia. Ni mimi nilitosha, siku ya ine, mu depot, mulango umefungwa. Niliogopa watakukuta na bunduki.

Yeye alifikiri ni batu ya fabrique walisahau. Siku tatu alikuwa anatukana ba-Chinois wenye kuzitengeneza.

Kavira alitoka inje na sufuria yenye haikukuwa na kitu ndani.

«Mama, ungeniambia tu.»

«Ungeogopa.»

«Ndiyo. Mais ningekuwa na kitu ya kujibu.»

Tulikula ndizi.

Siku ya ine, 15/3

Tumerudisha bunduki. Mimi nashika robot, yeye anaingiza na mukono wa kushoto, nakunja, kac. Zingine aliangusha. Sikuokota mbele yake, nilingoja aokote mwenyewe. Robot moja imebaki bila, ile ya soldat. Kambale akasema hiyo atauza kwa mutu mwenye anataka amani. Kavira alicheka mupaka akakaa chini. Mimi nilijaribu.

Rangi haijatoka. Viungo, kwa joto hii, vinatembea muzuri.

Siku ya tano, 16/3

Kambale ameenda ku meza yake, mukono ndani ya kitambaa. Kavira anamusaidia kufunga na kufungua. Mimi nimekaa ku mulango. Hakuna kazi ya kupima.

Nimeandika karatasi ya kutuma kwa Masika na camion ya leo. Naiweka hapa pia, nijue nilisema nini.

Masika, salamu. Kambale iko, anakula. Mukono wake wa kuume, vidole viwili vilivunjika na havikuvutwa. Tuma mutu Vuhovi leo, hapana kesho. Amuambie baba yenu. Amuulize ule muzee mwenye kuunga mifupa kama iko nyumbani, na kama vidole vya siku sita anaweza bado kuvivunja tena na kuvinyoosha, ao wakati umepita. Akisema anaweza, tutapanda camion siku hiyo hiyo. Usiandike maneno mingi. Andika ndiyo ao hapana, umupe chauffeur wa kwanza mwenye anashuka Beni, usingoje wa pili. Mufupa unashika kila siku. Jibu mbio, mwanangu.