Mama Mkwe wa Kinole Anawalisha Wapanda Baiskeli Wangu Mpaka Mlima Unawashinda

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi iweke akiba utamwamkia nayo mwingine.

Mimi ni dereva, mkazi wa Mwembesongo hapa Morogoro mjini, shule niliishia darasa la saba lakini dunia nimeisoma mpaka kurasa za nyuma, nimepeleka malori Lusaka na Lubumbashi, nimegombana na askari wa mipakani kwa lugha nisizozijua na nikashinda, kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu wa kutishwatishwa, ila hapa nilipofika nimefika, na anayenitesa ni mama mmoja mfupi wa Kinole mwenye sufuria.

Sasa hivi naendesha gari la kusindikiza wapanda baiskeli. Kuna watu, mshauri, wanaacha magari yao nyumbani huko Ulaya, na wengine Dar hapo, waje kupanda milima ya Uluguru kwa baiskeli, mwanzoni nilidhani wana matatizo ila sasa nawapenda kama ndugu zangu, mimi nakaa nyuma yao na Land Cruiser, nimebeba mahema, maji, ndizi, tyubu na mabegi, atakayechoka namwinua, baiskeli juu kwenye keria yeye ndani, na sijisifu lakini tangu nianze kazi hajapotea mgeni wala hajalala na kiu. Siku ya kwanza tunatoka mjini tunapita Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, tunapanda Kinole, halafu tunamalizia na mlima wenyewe hasa, wa kwenda Tegetero, huko ndiko tunakolala. Sasa pale Kinole, mlima unapoanzia tu, ndipo anapokaa mama yake mke wangu Mwanahawa, na barabara inapita uwanjani kwake kana kwamba aliyeichonga alikuwa ananidai.

Vijana wa bodaboda wa Mkuyuni wakiona helmeti wanampigia simu. Tukifika tunamkuta kasimama katikati ya barabara, kanga kiunoni, mikeka imeshatandikwa, majirani wameitwa waje kupakua, kuna wali, kuku wa kienyeji, maharage ya nazi, kisamvu, ndizi, mananasi, chai ya mdalasini, na hapiti mtu, mgeni akisema ameshiba anaongezewa, maana kwa mama yule aliyeshiba ni asiyeweza kusimama. Kuna dada mmoja wa Ujerumani, Kristina, mapaja kama nguzo za umeme, milima ya kwao anaipanda huku anaimba, akajaribu, "Asante mama, nimeshiba," mama akamwambia, "Kula mwanangu, ukirudi kwenu watasema Waluguru wamekunyima," akala sahani ya pili kwa adabu tu, kisha kwenye kona ya kwanza ya mlima akailaza baiskeli kwenye majani na yeye akalala ubavuni mwake. Siku ile niliwabeba karibu wote, baiskeli zimelundikana juu kama kuni, watu waliojiandaa mwaka mzima wanaingia Tegetero wamekaa kwenye viti, wamenuna, hakuna hata aliyetaka kupigwa picha.

Utasema mwambie. Nimwambie kwa mdomo upi? Mkwe ni mkwe. Nikifika pale navua kofia, naamkia kwa mbali macho chini, chakula changu naletewa nyuma ya nyumba nile peke yangu nisionekane natafuna, mimi ambaye nikiita abiria stendi ya Msamvu hata wanaoshuka wanataka kupanda tena, pale kwa mama nabaki na "ndiyo mama" na "ahsante mama" kama mtoto wa chekechea.

Basi nikatumia akili. Fundi wetu wa baiskeli anaitwa Gervas, mwenyeji wa Tegetero, ukoo wake na ukoo wa mama mkwe ni watani toka mababu, wanazikana na kutukanana, yeye anaingia pale mpaka jikoni anafunua vyungu. Nikamtuma. Akasema, "Niachie, yule bibi namuweza." Akaenda akasimama uwanjani, "Wewe bibi mchawi, mkweo kanituma, anasema uache kuwalisha wageni wake, chakula chako kinawavunja miguu." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akamjibu, "Kamwambie mkwe wangu nimesikia, kumbe wageni wananung'unika kuku hawatoshi."

Safari iliyofuata tukakuta mbuzi.

Bosi wangu Wilfred akaniita. "Dereva, hii ni ziara ya baiskeli au umeoa tena?" Nikataka kucheka nikaona hacheki. Akasema, "Wakikaa tena kwenye ule mkeka, ufunguo niletee mezani." Nikaenda kwa Mwanahawa nikamwomba azungumze na mama yake, akaacha kukunja nguo akanitazama, "Nimwambie mama yangu chakula chake kinaua watu? Kamwambie wewe uliyefika Lubumbashi."

Safari nyingine inakuja masika yakiisha. Nimewaza niwatangulie wageni, nipige honi kuanzia bondeni nipite moja kwa moja bila kusimama, wao wanifuate, halafu baadaye nidai breki zilikuwa hazishiki. Mshauri, nipite? Mimi ni mtu wa utani lakini hili limenishinda, kazi naipenda, na mke nampenda zaidi ingawa usilichapishe hilo.

Dereva, Mwembesongo

*

Ndugu dereva, marahaba, nimekuzidi. Na nimelichapisha.

Pole kwanza. Kukaa katikati ya bosi na mkwe ni kazi ambayo hata Lubumbashi hawakukufundisha. Pole imeisha, sasa tuongee.

Kupita, usipite. Mama amewaita majirani waje kupakua, wanasimama na miiko mkononi, halafu mkwe anakatiza kwa honi na vumbi? Ukifika Mwembesongo utakuta nguo zako barazani zimekunjwa vizuri, na mimi nitakuwa nimemsaidia Mwanahawa kukunja. Na gari gani halishiki breki likiwa linapanda mlima? Uongo wenyewe hujui kuutunga.

La Gervas ndilo limenitoa jasho. Mtu mzima, mwenyeji wa Morogoro, unamtuma mtani apeleke neno la kweli? Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamwambia aongeze kuni. Ndiyo kazi yake hiyo, na aliifanya vizuri. Mama hakukosea hata chembe: alitaniwa, akatania, akachinja.

Lakini barua yako nimeirudia, na kuna kitu sikukiona. Sikuona siku uliyokwenda Kinole bila baiskeli. Unafika na msafara, unaamkia kwa mbali, unakula nyuma ya nyumba, unawasha gari unaondoka. Mama huyo hawezi kukukalisha akakutazama ukila, hawezi kukuuliza mwanawe anaishije kwako. Njia aliyobakiwa nayo ya kukukirimu ni kuwashibisha watu uliokuja nao. Yule Mjerumani alikula sahani yako, ndugu yangu. Na kadiri unavyoondoka haraka ndivyo mama anavyozidi kuongeza, maana anaona bado hajakutosheleza. Ulitaka afanye nini, akae ndani akuchungulie?

Fanya hivi, na ufanye kabla masika hayajaisha. Mchukue Mwanahawa, pandeni bodaboda kama watu wengine, nendeni siku isiyo na safari. Pitia kwanza kwa mjomba wa mkeo, maana kwa Waluguru unajua mwenye neno ni mjomba, wewe ulimruka kama kilima kidogo. Kisha ingia shambani kwa mama, mpasulie kuni, mchumie pilipili manga, chochote atakachoagiza kupitia kwa binti yake. Kula unachopewa, chote. Jioni mjomba ndiye atamwambia mama, kwa heshima zake: mkwe anaomba wageni wake wawe wanalala hapa, waweke mahema uwanjani, wale usiku mpaka washindwe kusimama, asubuhi wapande mlima kwa uji na ndizi. Hatakatazwa kupika hata siku moja. Ataombwa azidishe. Uone kama atanuna.

Bosi naye mwambie mapema, kabla hujampelekea mama ombi hilo. Siku ya kwanza iishie Kinole, Tegetero iwe ya asubuhi, miguu mipya. Wageni wametoka mbali kuitafuta milima, wakilala kwenye uwanja wa mama mkwe watakuwa wameiona pamoja na wenyeji wake. Wewe unayejaza basi kwa mdomo wako, utashindwa kumshawishi Wilfred? Akikataa, akautaka ufunguo, mpe. Usukani mwingine utaupata. Uwanja mwingine ambao mtu anasimama barabarani kukusubiri, hupati.

Na kwa Wilfred usivue kofia. Yule si mkwe wako, mtazame machoni.