Viatu vya Kuongozea

Mtaa wa Alder,
Blackpool,
Uingereza.

9 Februari 1998

Dada yangu mpendwa Thelma,

Hujambo huko Adelaide, na macho yanaendeleaje? Nimeanza na macho makusudi. Najua anayekusomea barua hii ni Kerrie, na najua utamwambia aruke hapo. Kerrie, mjukuu wangu, usiruke kitu. Soma yote, hata pale nitakapomsema bibi yako, na pale ndipo upaze sauti.

Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linaniuma kila mvua ikikaribia, na kwa mvua za hapa kwetu maana yake ni kila siku. Paka aliyeachwa na marehemu shemeji yako Wilfred bado yupo, amenenepa, na hana shukrani hata kidogo. Upepo wa bahari wiki hii umekuwa wa kuvua watu kofia. Mama mmoja aliikimbiza yake mpaka kwenye reli za tramu, na dereva akasimama kumngoja, akimpigia makofi.

Haya, salamu zimetosha. Sasa tugombane.

Barua yako ilifika Jumatano moja mwezi uliopita, wakati natoka kwenda kwenye dansi ya mchana. Nikaitia mkobani, maana nilijua ina tarehe ya ndege yako ya kuja huku, nikataka niisome pale ukumbini, mbele ya watu, nijidai kidogo. Muziki uliposimama kwa ajili ya chai nikaifungua. Muriel Entwistle alikuwa karibu yangu anakula keki. Yule rafiki yangu mwenye sauti ya kipaza sauti, nilishakusimulia habari zake. Nikasoma mwandiko wa Kerrie na maneno yako:

"Enid, mwezi wa tano sitakuja. Katikati ya kila ninachokitazama kuna doa. Siwezi kukuongoza tena ukumbini, nitakugonganisha na watu. Na kukaa ukutani kama koti la mtu, hilo siliwezi. Bora nibaki huku, unikumbuke nilivyokuwa."

Dada, nilikasirika. Nilikasirika mpaka chai ikanimwagikia kwenye kisahani. Nikachukua koti langu bila kumuaga mtu, nikatoka, nikavuka barabara, mvua inanyesha, nikafika kituoni, nikasimama nangoja tramu huku naongea peke yangu kama mwendawazimu. Ndipo nikatazama chini. Nilikuwa na viatu vya dansi miguuni.

Najua hapo umeshika kichwa. Kerrie hajui kwa nini, kwa hiyo nimweleze. Soli ya kiatu cha dansi, mjukuu wangu, ni ngozi yenye malaika, vinyweleo vifupi laini kama mahameli, ili mguu uteleze kwenye mbao lakini usikuangushe. Haikanyagi barabara hata siku moja. Mtu anakwenda ukumbini na viatu vyake vya kawaida, vya dansi vimo mfukoni, anabadilisha akiwa ameshakaa kitini. Ikilowa maji na mchanga wa nje, basi tena, inakauka na kuwa ngumu kama ganda la mkate wa juzi. Wilfred alikuwa akinitania kwamba nyumba ikishika moto nitakimbia peku, viatu vile nimevibeba mkononi.

Muriel alinifuata mbio na viatu vyangu vya mvua, anahema. Kwake yeye mtu hatoki nje na viatu vya dansi ila kwa sababu moja tu. Akaniuliza, "Enid, umefiwa?"

Nikamwambia bado, ila kuna mtu anataka nimhesabu amekufa.

Siku ya pili yake nilivipeleka vile vya dansi kwa Bi Ogden, yule wa duka la viatu nyuma ya soko. Akavipindua, akapitisha burashi ya waya kwenye soli, malaika hayakunyanyuka. Akavirudisha kwenye mfuko polepole, akaniambia pole, hivyo ni vya kuzika. Ndivyo nilivyovaa nikicheza na Wilfred siku zake za mwisho, kwa hiyo nikajifanya natafuta leso.

Basi ikabidi kuchagua vipya. Nilikuwa nimesahau raha yake, Thelma. Yule mama hakuoneshi kiatu mpaka amekushika mguu. Anakukataza kuacha nafasi ya vidole, anataka kibane kama soksi, vidole vifike mwisho lakini visijikunje, kwa sababu ngozi italegea yenyewe ukishaanza kutoa jasho. Halafu anakusimamisha kwenye kile kijisakafu chake cha mbao, urudi nyuma, ugeuke, yeye anatazama visigino kama fundi anayepima mlango. Vikapanda visigino, vikashuka. Nikapenda jozi moja nyekundu, mchuchumio haswa, mkanda mwembamba na bizimu ndogo inayong'aa. Sikufichi, nilijiangalia kwenye kioo nikasahau goti.

Ndipo akaniuliza lile swali analomuuliza kila mwanamke, kwa kuwa siku hizi wanaume wamekuwa adimu kwenye kumbi zetu. "Unaongoza au unafuata?"

Kiatu kinategemea hilo, bila shaka unakumbuka. Anayefuata anarudi kinyumenyume, uzito uko vidoleni, kwa hiyo kisigino chake kirefu na chembamba. Anayeongoza anakwenda mbele, anahitaji kisigino kifupi, kipana, cha kukanyagia kwa uhakika. Mdomo ulishafunguka kusema nafuata. Ningesema nini kingine? Nimefuata tangu utoto. Nilikufuata wewe, nikamfuata Wilfred, na tangu Wilfred aondoke namfuata yeyote anayenishika mkono, hata Mzee Horrocks, anayehesabu mapigo kwa sauti na bado anapotea.

Lakini nikakumbuka jikoni kwa mama. Meza tumeisukuma ukutani, redio iko dirishani, ni wakati wa vita, wavulana wote wa mtaa wamekwenda jeshini. Wewe mkubwa, na mrefu, ukachukua hatua za mwanamume, na mimi kila mara nainamisha kichwa kuangalia miguu isije ikakanyagwa. Ukaninyanyua kidevu. Ukaniambia, "Fumba macho, Enid. Kazi ya kuona ni yangu." Nikafumba. Ukanizungusha kinyumenyume kulizunguka jiko la makaa la mama, linawaka, na sikuungua hata pindo la gauni.

Nikamwambia Bi Ogden, "Naongoza."

Akanitazama juu ya miwani yake. Ananijua tangu naolewa. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

Akaingia nyuma ya duka. Aliniletea jozi nyeusi, visigino vifupi, kamba mbele. Vibaya hivyo, dada, sijapata kuona. Ukinitazama kuanzia magoti kwenda chini utadhani ni mwalimu wa hesabu. Nikavinunua.

Tangu hapo ninajifunza, na anayeumia ni Muriel. Mwili wa Muriel nilishakuelezea. Kumgeuza kwenye kona ni kama kupandisha kabati ngazini. Siku ya kwanza nilimkanyaga mpaka akaomba tuketi. Mkono wangu wa kushoto unajisahau, badala ya kushika wake unapanda begani kwake kama ulivyozoea, tunabaki tumeshikana kama watu wanaoagana. Miguu ilikuja kuelewa. Kichwa ndicho kilichochelewa. Unaanza na mguu gani, yule mbele yako atakata kona au ataendelea, hapa pana nafasi ya hatua ndefu au ujikusanye, na wakati huohuo uso utulie ili unayemwongoza asijue kwamba huna hakika.

Miaka yote ile nilifikiri tunacheza, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nacheza na wewe unafanya kazi. Hukuwahi kuniambia. Nimekuwa na hamu na wewe tangu siku meli yako ilipoondoka, lakini sasa imekuja hamu nyingine nisiyoijua, ya kukuona kutokea upande wako. Nikiwa nimemshika Muriel najikuta nataka kugeuza shingo nikuulize, hivi hapa ulikuwa unafanyaje?

Juzi Jumamosi nilimwomba Muriel afumbe macho. Akakataa kabisa. Alisema amefika umri huu na meno yake ya mbele, hataki yang'olewe na kiwiko cha Horrocks. Nikambembeleza, nikamnunulia keki, akakubali. Wakapiga waltz ya polepole. Watu walikuwa wengi, wote wanazunguka upande mmoja kama kawaida, na mimi katikati yao jasho linanitoka mgongoni. Nikamwona Horrocks anakuja na hesabu zake, nikafupisha hatua, akapita. Nikaona kona, nikamgeuza Muriel, akageuka, mwepesi, sijui uzito wote ule aliupeleka wapi. Tukaizunguka sakafu mpaka muziki ukaisha. Nikasimama.

Muriel akasema, macho bado kayafumba, "Mbona umesimama?"

Nikamwambia muziki umekwisha.

"Kwa hiyo?"

Nililia, Thelma. Pale pale mbele ya jukwaa, na viatu vyangu vya mwalimu wa hesabu.

Sasa nisikilize vizuri. Umeandika kwamba huwezi kucheza kwa sababu huoni mbele. Dada, anayefuata haoni mbele. Anarudi nyuma, ukumbi mzima uko kisogoni kwake, na mtu aliyemshika ndiye anayejua wanakwenda wapi. Hata aliye na macho mazima haoni aendako. Mimi nimecheza hivyo tangu jikoni kwa mama mpaka leo, na hakuna aliyewahi kuniita mzigo. Hicho kiti cha ukutani unachokiogopa umejiwekea mwenyewe. Mimi sijakuwekea kiti.

Na sitaki kukukumbuka ulivyokuwa. Nimekukumbuka vya kutosha, nimechoka. Mara ya mwisho ulipokuja tulikuwa tunamzika mama, tukavaa nyeusi, tukahudumia watu chai, ukarudi zako, hatukushikana mikono ila kanisani. Tangu hapo ni simu. Nashukuru kwa simu, lakini simu haina mgongo wa kushika. Nataka uje ukae jikoni kwangu ulalamikie chai yangu. Nataka kukusikia unavua viatu mlangoni. Ikiwa doa limekaa katikati, basi nitakaa pembeni yako, huko unakoona bado.

Ile jozi nyekundu haijauzwa. Nilirudi nikamwomba Bi Ogden aiweke kando, akaitia kwenye rafu ya nyuma, akasema hamwoneshi mtu. Ila hatanipa mpaka apate mguu wako. Saizi ya zamani haitaki kuisikia, anasema miguu yetu ya uzeeni si ile ya harusini. Ndani ya bahasha nimekunja karatasi mbili nyeupe, moja ya kila mguu. Kerrie, mjukuu wangu, hii ni kazi yako. Mvue bibi soksi, asimame kabisa kwa uzito wake wote, maana mguu wa mtu aliyeketi ni mwembamba, halafu uizungushe penseli ikiwa imesimama wima. Akikataa mtekenye, anatekenyeka nyayoni, hiyo siri sasa unayo.

Barua ndefu ya maelezo usiniandikie, Thelma. Sitaisoma. Karatasi zikirudi zikiwa na michoro nitajua unakuja, nitamwendea Bi Ogden mbio, na safari hii nitatazama kwanza nimevaa nini. Zikirudi nyeupe nitajua pia, nitavaa vyangu vyeusi niende ukumbini na Muriel, na kila muziki ukiisha nitasimama pale pale natazama mlango. Ndivyo nitakavyokuwa.

Mnisalimie Lorraine, mwambie mwanao huyo kwamba keki niliyomwahidi ataipata akikufikisha uwanja wa ndege kwa wakati. Mnisalimie mumewe Doug na lile jibwa lao. Muriel anakusalimu, anasema akikuona atakuonesha vidole vyake vya miguu uvihurumie. Hata Mzee Horrocks anakusalimu, ameomba nikuambie ataacha kuhesabu kwa sauti wiki utakayokuwa hapa. Simwamini.

Mungu akutunze, dada yangu, akuachie nuru hiyo uliyobaki nayo, na safari akuwekee nyepesi.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja,

Enid

Nyongeza: Visigino vya vile vyekundu ni virefu kuliko ulivyozoea. Najua utanigombeza ukivigusa, utasema utaanguka. Hutaanguka. Fumba macho, Thelma. Kazi ya kuona ni yangu.