Penseli ya Milango Wazi

Shoga, tumetoka kliniki sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka!!

Si unamjua kaka yangu fundi seremala, na yale masikio yaliyochomoza pembeni mpaka akaitwa Milango Wazi tangu shuleni? Leo kafunguliwa bandeji.

Daktari alishatuambia yote kabla ya upasuaji wa kuyalaza: yatavimba, yatakufa ganzi kwa muda, akilala afunge kitambaa, na ASIYAGUSE mpaka yapone. Kaka anaitikia tu, ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Basi kajitazama kwenye kioo. Milango imefungwa, shoga! Imelala kichwani kama imepigwa gundi. Machozi yakamlengalenga, naapa.

Sasa sikia. Kabati la daktari mlango wake umekaa upande. Kaka angevumilia wapi! Katoa penseli mfukoni, kaweka alama, halafu kama kawaida yake, penseli nyuma ya sikio la kulia.

Ikaanguka.

Kaiokota, kairudisha. IKAANGUKA TENA.

Daktari kapiga kelele, "Wewe! Nyuzi hizo!"

Kaka anaitazama penseli pale sakafuni kama kafiwa. Halafu kwa sauti ya chini kabisa:

"Daktari, hili la kulia huwezi kulilegeza kidogo?"